Visima vya Samuye Vilivyohamia Moroko

Zamani aliyeitaka programu ile ya visima alilala kwa Mzee Donatus siku mbili, akala, akajua majina ya wajukuu. Siku hizi inafunguka kabla chai haijapoa, na mtu haulizwi hata kwao ni wapi.

Donatus wa mtaa wa Kambarage alikuwa fundi wa kuchimba visima. Shule aliishia darasa la saba. Kompyuta alijifundisha mwenyewe uzeeni, kwa kamusi na ukaidi. Programu yenyewe ni huria, haina wa kuiuza: unaipa vipimo vya visima, inakuchorea maji yalivyolala chini ya ardhi. Lakini kuiweka kwenye kompyuta kulikuwa vita. Ilidai vipande thelathini na kitu, kila kimoja kwa zamu yake, na zamu hiyo ilikuwa kwenye daftari la Donatus. Walikuja watu wa maji, walimu, hata wachimbaji dhahabu wa Nyarugusu waliochoshwa na mashimo kujaa maji. Mkewe Agatha aliwapikia michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, wageni wakangoja, mazungumzo yakanoga. Hakumtoza mtu. Alichotaka ni waje.

Ndipo wakaja Aneth na Fredy, wanafunzi wake wa zamani, wamebeba kompyuta moja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mmeadimika kama mvua."

Aneth akacheka. "Tumekwama, babu. Programu yote tumeifunga kwenye kontena, pamoja na vipande vyake. Mtu akilishusha mtandaoni, linafanya kazi vilevile kwenye kompyuta yoyote. Waliotunga programu wamekubali liwe ndilo rasmi. Ila kwenye ramani visima vya kijiji cha Samuye vinaangukia Moroko."

"Moroko ya Waarabu?"

"Hiyohiyo," alisema Fredy. "Hata ng'ombe wa Samuye hawajapotelea mbali hivyo."

Donatus aliangua kicheko, kisha akalivuta daftari. Ugonjwa huo aliujua. Kipande cha ramani, tangu litoke toleo lake jipya, kilisoma namba za mahali kinyume, ya kwanza ikawa ya pili. Dawa ilikuwa ukurasa wa kumi na tisa: weka toleo la zamani, tena kabla ya vingine vyote. Ukurasa huo hakuwahi kumwonyesha mtu.

"Hilo kontena liko wapi?"

"Humu, babu."

"Humu ni kompyuta. Nimeuliza kontena."

"Si kitu cha kushika, babu. Ni kama..." Aneth alichora sanduku hewani.

"Na urasmi? Nani kagonga mhuri?"

"Hakuna mhuri. Wanalikagua, wanaliweka kwenye ukurasa wao."

"Mtu akilitaka, aende kwa nani?"

Vijana walitazamana. "Haendi kwa mtu," alisema Fredy taratibu. "Ndiyo faida yake."

Donatus alilishika daftari mapajani. Akilificha, kuna mtu atachimba pakavu Samuye kwa kufuata ramani ya uongo. Akilitoa, nani tena atabisha hodi? Alivyolelewa, anayegawia wengi nyumba yake hujaa watu. Hiki kilikuwa kitu gani, ukigawa mnabaki wawili, wewe na mkeo?

Akafungua ukurasa wa kumi na tisa.

Aneth alisoma, akaandika mstari mmoja, na chini yake jina la Donatus kwa shukrani. Walisubiri kidogo. Visima vikarudi Samuye.

"Mstari mmoja tu?" aliuliza mzee. "Na jina langu atalisoma nani?"

"Atakayefungua faili, babu."

"Wangapi hulifungua?"

Aneth alisimama, akajifunga khanga. Fredy alikwisha kuikunja kompyuta.

"Kaeni basi, bibi yenu ameinjika."

"Siku nyingine, babu. Tunawahi gari la Geita."

Agatha alitoka jikoni mbio, akamtilia Aneth michembe kwenye kona ya khanga. Mara ya mwisho Donatus kuwaona, Fredy alikuwa anafunga lango kwa kamba ili mbuzi wasiingie, kama alivyofundishwa hapohapo, na Aneth anapunga mkono mmoja, wa pili umeshika michembe ya moto. Mzee aliwatazama mikononi mpaka wakakata kona, bado akilitafuta hilo kontena walilobeba.