Nilipaka rangi ya viatu kwenye viti vya gari la bibi harusi, Bujumbura wakati wa vita

Wakuu, heshima kwenu.

Naona humu mnaulizana namna ya kurudisha viti vya ngozi vilivyochakaa. Nawapa yaliyonipata mwenyewe, siongezi chumvi.

Nilikuwa nimekimbia vita kwetu Uvira, Kongo, nikavuka kuja Bujumbura. Mzee Déo, mfanyakazi wa serikali mtaa wa Ngagara, alinipa chumba cha uani bila hata kunijua. Mchana nilikuwa nasafisha magari mtaa wa Mutakura.

Binti yake Claudine akapata mchumba. Mzee akaniita kwenye Mercedes yake ya zamani, viti vya ngozi vimepauka kwa jua.

"Binti yangu atakaa hapa siku ya harusi. Utaweza?"

"Nitaweza, Mzee."

Kusafisha niliweza kweli. Sabuni kidogo, maji kidogo, brashi laini, unafuata mishono, unakausha kwa kitambaa. Lakini ngozi ikishatakata inataka mafuta yake, na wakati ule wa embargo, nchi jirani zimetufungia biashara, nilizunguka maduka yote bila kuyapata.

Nikaona haya kumwambia nimeshindwa. Nikanunua siraji, rangi ya viatu, ya kahawia, nikapaka viti vyote. Viling'aa mpaka Mzee akatabasamu.

Sasa joto la Buja mnalijua. Claudine aliposhuka mbele ya kanisa, mgongo mzima wa gauni jeupe ulikuwa kahawia. Chini ya kiuno ndiyo usiseme.

Shangazi yake akavua kitambaa alichojitanda begani, akamfunga nacho. Claudine alikuwa analia bila sauti.

Mjomba wa bwana harusi akauliza, "Ni nani alipaka hivi viti?"

Nyuma yangu mtu akanong'ona kitu kuhusu Wakongomani.

Mzee akajibu, "Ni mi."

Mikono yake ilikuwa safi. Yangu ilikuwa kahawia mpaka kwenye kucha. Nikajikaza.

"Apana, Mzee. Ni mi. Mafuta nilikosa, nikapaka siraji."

Nilitamani anitukane. Akanishika bega.

"Basi ni sisi wawili. Tuingie, couvre-feu haingoji mutu, giza likiingia hakuna kutembea."

Nilikaa benchi la mwisho, vidole nimevificha ndani ya mikono ya shati. Sikumbuki hata neno moja la misa ile.

Kesho yake nilimkuta Mzee ameshafungua milango ya gari, kitambaa mkononi. Tukafuta siraji pamoja, kiti kwa kiti. Nikamwambia nitahama.

"Utaenda wapi? Uvira vita, hapa vita. Siku ingine ukikosa kitu, sema umekosa."

Nikabaki. Claudine alikuwa anakuja kusalimia wazazi na hakuwahi kulitaja gauni lile, si kwa utani, si kwa hasira. Hilo ndilo lilinichoma zaidi. Nikisikia sauti yake getini nilikuwa najitafutia kazi nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo wakuu, ukikosa mafuta ya ngozi, viache viti vikiwa safi na vikavu, hata kama vimepauka. Ukipaka chochote, sugua kwanza na kitambaa cheupe uone kama kinatoka na rangi. Na mwenye gari aujue ukweli kabla watu wake hawajavikalia.

Nani mwingine kazi yake imewahi kumuumbua mbele za watu? Semeni, nawasoma.