Bunduki ya Marehemu Gaudence

Getrude Ndunguru alitoka Mpepai hadi ofisi ya polisi Mbinga kusalimisha bunduki ya marehemu baba yake, Gaudence, aliyeitumia miaka arobaini kufukuza nguruwe pori mashambani. Karani aliyepokea silaha aliitupia jicho mara moja tu, akaandika daftarini: "Gobore la kienyeji."

"Futa hapo," Getrude alisema. "Gobore la kienyeji ni la majangili. Baba alikuwa na kibali."

"Mama, mzee ameshafariki. Maandishi yatamdhuru nini?"

 Getrude alikataa kuondoka mpaka mkuu wa ofisi akamwita Mzee Twaha, fundi wa silaha mwenye leseni.

Twaha aliitoa kwenye kitako ile mitutu miwili iliyolala sambamba, akaigeuza, akaisugua upande wa chini kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Herufi zikajitokeza.

"Hadley na Wanawe, Birmingham, Uingereza," alisoma. "Na mihuri hii ya ukaguzi ilipigwa kati ya 1904 na 1925. Namba yake hii hapa."

Namba hiyo hiyo ilikuwa kwenye kibali chakavu ambacho Getrude alikuwa amekiweka mezani tangu asubuhi, na karani hakukifungua.

Karani alipiga mstari juu ya maneno aliyoandika, akaandika upya, bila kuomba radhi. Getrude alimtaka asome kwa sauti, na jina la baba yake alitaje. Akasoma. Getrude alitia sahihi, akatoka bila kumuaga.