Vibua vya Songosongo Kwenye Chanja ya Nkowe

Ukifika Nkowe ukamuulizia Biasha, watakuuliza Biasha yupi, wa korosho au wa baharini. Ni mtu mmoja huyohuyo. Kazaliwa hapohapo, na mikorosho anayoipalilia mpaka leo ni ya baba yake. Ila ujana wake aliumalizia kisiwani Songosongo, alikoolewa na mvuvi mmoja mpole aitwaye Yasini. Yasini alipofariki, akarudi bara. Tangu hapo, kila mwaka mikorosho inapotoa maua na baridi inapolegea, utamkuta amesimama uani kanyamaza, pua kaiinua kidogo. Majirani wameshazoea.

"Ananusa bahari," wanasema, na bahari yenyewe hata ukipanda mti huioni.

Lakini ndiyo majira yake hayo. Kule kisiwani, wakati huo maji hutulia yakawa maangavu, ukiinama kwenye mtumbwi unauona mchanga wa chini. Vibua huja kwa makundi, na nyavu zikivutwa utadhani zimejaa vipande vya kioo. Bamvua ikifika, maji hukupwa mpaka mwamba ukabaki wazi, na wanawake huuendea na fimbo zao wakichokoa mashimo ya pweza, wanaitana, wanasengenyana, kanga zimeloa hadi magotini. Biasha alikuwa mmoja wao. Alikuwa na kona yake pale mwambani, na hakuna aliyeigusa.

Aliyemfundisha hayo ni Mwanne, dada yake Yasini. Mwanne ndiye aliyemwokoa pia, siku ile ya pweza. Biasha alikuwa bibi harusi mgeni, mtoto wa mihogo na kunde, akapewa pweza ampikie mama mkwe. Hakuna aliyemwambia kwamba pweza hupondwa kwanza ndipo alainike. Akamtia chunguni vilevile, akachochea moto tangu asubuhi. Mama mkwe akatafuna, akatafuna, akatoa kipande mdomoni akakitazama.

"Nani kapika hiki?"

Mwanne, ambaye wakati huo alikuwa kigoli tu, akasema, "Mimi, mama. Nilisahau kumponda." Akasemwa wiki nzima, na hakumtazama wifi yake hata kwa jicho la lawama.

Basi fikiria ilivyomuuma Biasha walipokuja kukosana. Alipofiwa, mama yake mzazi huku Nkowe alikuwa hoi kitandani, akalazimika kurudi upesi. Upande wa mume wakanuna. Mwanne akasema maneno yaliyosafiri mpaka bara: kwamba Biasha kaliacha kaburi mchanga haujakauka. Ikapita miaka bila simu, bila salamu. Hitma ya Yasini ikawa inasomwa kule peke yao, na huku Biasha anasoma peke yake.

Mwaka huu simu ikaita. "Wifi, hitma nitakuja kuisoma huko kwako," alisema Mwanne, kama vile walizungumza jana. "Vibua nitaleta mimi. Kaka hakupenda samaki mwingine."

Biasha akamkaribisha. Alijua anafunguliwa mlango, na kwamba siku hiyo ikiharibika hautafunguliwa mara ya pili.

Mwanne akashuka kwenye bodaboda akiwa kavaa vumbi la njia nzima, amekumbatia deli la barafu kama mtu aliyebeba mtoto. Walishikana mikono muda mrefu. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyejua aanzie wapi, wakaanzia baharini.

"Bahari haijambo?"

"Haijambo, wifi. Mwaka huu vibua vimekawia, tukasema vimetuhama. Bamvua hii ndiyo vimekuja, tena vimenona. Na pweza usiseme. Mwamba tuliufunga miezi, asiende mtu, pweza wakue, umefunguliwa majuzi. Watu wanatoka na pweza wa kubebwa mgongoni."

"Na kona yangu?"

Mwanne akafungua deli. "Ipo," alisema, akipanga vibua kwenye sinia. "Wasichana wa siku hizi wanaipita tu. Wanaiita kwa Biasha, na wewe hawakujui."

Biasha akajifanya kupangusa vumbi jichoni.

Walipasua samaki, wakawatia chumvi, wakawatandaza juu ya chanja. Biasha akaenda kwa jirani kuazima masufuria. "Kuni ziko nyuma ya jiko," alisema akitoka.

Nyuma ya jiko kulikuwa na kuni, ni kweli, ila zilikuwa nene na mbichi. Pembeni yake palikuwa na gunia la maganda makavu. Kisiwani samaki hubanikwa kwa makumbi na vifuu vya nazi, na Mwanne alipoyatia mkono maganda yale akaona ni mambo yaleyale. Akayamimina chini ya chanja. Moto ukarukia juu kwa furaha.

Biasha aliipata harufu akiwa bado njiani, masufuria kichwani. Akakaza mwendo. Ua mzima ulikuwa na moshi mweusi wa kukaba koo, na Mwanne katikati yake anakohoa, machozi yanamtoka, lakini kachangamka.

"Moto wenu wa bara una nguvu, wifi."

Vibua vilikuwa vimekuwa vyeusi, vinang'aa kama vimepakwa lami. Biasha akamega kidogo akagusisha mdomoni. Mdomo ukawaka.

"Ni maganda ya korosho hayo," alisema taratibu. "Yana mafuta yanayobabua. Tunayaweka kwenye nguzo za nyumba, kwa ajili ya mchwa."

Mwanne akakaa chini palepale kwenye majivu. "Nimevibeba boti, basi, pikipiki, kuja kuvilisha dawa ya mchwa. Hitma ya kaka yangu." Akafuta uso kwa kanga, uso ukazidi masizi. "Watu wako watanionaje? Bora niondoke kabla hawajafika."

Angeondokaje, na kanzu zilikuwa zinaonekana tayari njiani.

Hitma ikasomwa, dua ikaombwa. Wali ukaja na maharage. Swalehe, binamu yake Biasha, ambaye utani hauwezi kumpita hata msibani, akageuza sahani huku na huku.

"Biasha, tuliahidiwa samaki wa baharini. Harufu tumeikuta njiani. Au ndiyo tumeshakula?"

Mwanne aliinua kichwa, akataka kusema. Biasha akawahi.

"Nimewaharibu mwenyewe. Nilibanika kwa maganda ya korosho."

Swalehe akaweka tonge chini.

"Wewe? Uliyekatiwa kitovu chini ya mkorosho?"

"Mimi."

"Jamani, mchukue umrudishe kisiwani," Swalehe akamwambia Mwanne. "Huku bara keshasahau kila kitu."

"Kule nako ana kesi ya kutoroka," alisema mzee mmoja, na mkeka mzima ukaangua kicheko. Wakaendelea kumtania mpaka wali ukaisha, na Biasha akayapokea yote, anawaongezea mchuzi.

Jioni walikuwa wawili tu, wanasugua masufuria.

"Mama alikufa akiamini mimi sijui kupika pweza," alisema Mwanne.

"Na Swalehe atakufa akiamini mimi sijui korosho."

Mwanne alicheka hadi akashika mbavu, kisha kicheko kikageuka kilio, na Biasha akamwacha alie. Walimlilia Yasini pamoja, kilio ambacho kilikuwa kinawadai tangu zamani.

Asubuhi bodaboda ilipokuja, Mwanne akapanda mikono mitupu.

"Wifi, deli lako," Biasha alimkumbusha.

"Nimeliona." Mwanne akajifunga kanga vizuri. "Hilo utalileta mwenyewe. Tutapita kaburini kwanza, ndipo twende mwambani. Bamvua haikawii."

Pikipiki ikaondoka. Biasha akaliosha deli, akalianika juani mfuniko wazi, na kabla halijakauka akainamisha uso ndani, akanusa.