Madirisha ya Mlimani

Watu wakiniuliza niliwezaje kujenga kwa mshahara wa mpishi wa shule, huwajibu kwamba sikujenga mimi, walijenga wanawake wa chama. Wanadhani najinyenyekeza. Mimi si mtu wa kujinyenyekeza, na wanafunzi niliowapakulia maharage miaka yote hii watakuambia. Nasema tu ilivyokuwa.

Kiwanja kipo upande wa Mraru, ukiiacha Voi na kushika barabara ya Taveta. Nilikipata kwa bei ya huruma kutoka kwa mama mmoja Mkamba ambaye sasa ndiye jirani yangu, na huruma hiyo ilikuwa na sababu zake: wakati wa ukame ndovu hupita hapo wakitafuta maji, na maji yenyewe ya kisima yana chumvi. Alikubali nimlipe kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Mwezi mmoja nilipochelewa hakuniuliza kitu, na siku nilipomaliza aliniletea kuku. Hebu nionyesheni benki inayomletea mteja wake kuku.

Haraka yangu ilikuwa mama. Alikuwa akiishi juu milimani, kwenye boma letu la zamani, pamoja na kaka yangu na familia yake. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umempata, kisha kikatokea kidonda mguuni ambacho kilikataa kupona. Ilibidi kisafishwe hospitalini Voi kila baada ya siku chache, na kutoka kule juu hadi Voi ni safari ya kushuka kwa magari mawili, mvua ikinyesha ndiyo hakuna safari kabisa. Akawa anaruka kliniki. Nesi aliniita pembeni akaniambia bila kuzunguka kwamba mama akiendelea hivyo, mguu utakatwa. Mimi nilikuwa nimepanga chumba kimoja nyuma ya soko, chenye kitanda kimoja na choo cha kugawana na mtaa mzima. Mtu mwenye kidonda ningemweka wapi? Mume sikujaliwa, na wanaonihurumia kwa hilo wawahurumie kwanza waume wao. Mama alikuwa wangu mimi.

Chama chetu kilikuwa cha mabati. Wengine hupeana pesa, lakini pesa ikifika mkononi huota miguu. Sisi kila mwezi tulikwenda kwa mwenzetu mmoja, na kila mwanamke akaja na bati lake. Zamu yangu ilipofika walikuja kutoka barabarani wakiimba, mabati vichwani, mpaka dereva mmoja wa lori akapunguza mwendo akawapigia honi. Kila mmoja alikuwa amenunua alilolipata dukani: la buluu, la kijani, jekundu, na mengine yasiyo na rangi yoyote. Fundi aliyatazama akashika kiuno.

"Madam, hizi mabati hazilingani hata migongo."

Nikamwambia ayalinganishe yeye, ndiyo maana anaitwa fundi. Kisha nikaenda nyuma ya rundo la kokoto nikalia vizuri, kwa sababu miongoni mwa wale wanawake walikuwemo ambao wao wenyewe walikuwa bado wanaishi nyumba za kupanga.

Kuta zilipandishwa mwezi wa saba. Mama alishuka kuja kliniki, akakaa nami wiki nzima mle chumbani, na kila asubuhi nilipokwenda kazini yeye alikwenda kusimamia ujenzi. Mwezi wa saba, hata Voi kuna kibaridi. Upepo huvuma asubuhi na watu huvaa sweta. Mama aliketi pale na shali yake na chupa ya chai, akamwambia fundi madirisha yawe madogo, yawekwe juu, na upande unakotoka upepo pasiwe na dirisha hata moja, maana baridi ya usiku huingia kifuani. Fundi naye ni mtu wa kwetu, kazaliwa kwenye ukungu uleule. Mzee amesema, yeye ni nani abishe?

Jioni moja nilitoka jikoni shuleni nikiwa bado nanuka kitunguu, nikakuta ukuta umefika kwenye linta, juu ya madirisha. Nikaitazama ile nyumba nikaona ni nzuri kupita kiasi. Madirisha madogo, kona iliyojifunga, mlango uliogeuzia upepo mgongo. Ilifanana na nyumba niliyokulia. Tulikuwa watu watatu wa mlimani tumesimama tambarare, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kuna jua.

Tulihamia baada ya mwaka mpya. Wanawake wa chama walikuja, mchungaji akaomba, tukala chapati na wali. Kisha watu wa kwetu wote wakamtazama mama.

Sisi Wadawida, watu wa mlimani, mtu akiingia nyumba mpya, mzazi hutasa. Hujaza kinywa maji, akayapuliza mlangoni kama manyunyu, na huku akitamka baraka. Zamani ilikuwa pombe ya miwa. Siku hizi ni maji, na mama yangu huanza kwa jina la Yesu. Lakini kuna sharti ambalo kila mtoto wa mlimani analijua. Mtu hatasi akiwa na kinyongo. Kama kuna hasira moyoni lazima aitaje, aiteme pamoja na yale maji, la sivyo baraka yake ni kelele tu.

Nilimpelekea kikombe. Mama alikitazama, akakisukuma pembeni.

"Maji ya huku ni chumvi. Yatanichoma mdomo."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikirudisha kikombe jikoni nikijua kwamba si chumvi, kwa sababu mama alikuwa amekunywa chai ya maji yaleyale asubuhi nzima.

Kisha likaja joto la mwezi wa pili. Wanaoijua Voi hawahitaji nieleze. Kufikia saa tano asubuhi nyumba ilikuwa haikaliki. Mabati yalikuwa yakilia juu, hewa imesimama ndani kama mgeni asiyejua kuaga, na vile vidirisha havikuingiza kitu isipokuwa nzi. Jirani alikuja kutusalimu, akaishia kizingitini, akajipepea kwa leso.

"Mwanangu," akasema, "humu unaoka mikate?"

Nilijifanya sikusikia. Mama naye alijifanya hasikii joto. Alitoa kiti chake nje akakiweka kwenye kivuli cha ukuta, na kivuli kilipohama naye akahama nacho, akaizunguka nyumba mchana kutwa na mguu wake wa bandeji. Nikimwuliza, anasema anapenda kuona watu. Watu gani, na pale mbele yetu ni miiba na mbuzi wa jirani?

Mimi nilijua, naye alijua, na tulinyamaza kama tuliokula kiapo. Ningesemaje kwamba amri yake imeharibu nyumba? Na yeye angesemaje kwamba nyumba niliyojinyima hadi viatu kuijenga haifai kulala mbwa? Heshima ni kitu kizuri, lakini karibu ituue kwa joto.

Jumapili kaka yangu alipompigia simu nilimsikia mama akimwambia, "Mguu ukipona kidogo tu, narudi." Hapo ndipo nilipotambua kwamba begi lake lilikuwa bado limefungwa kando ya kitanda, tangu siku aliyofika. Alikuwa akitoa gauni, akilivaa, akilifua, akilirudisha begini. Nilijua akirudi juu kliniki zitarukwa tena, na nilikumbuka nesi alivyoniambia. Nyumba yote ile, mabati yale, miezi yote ya kumlipa jirani, vilikuwa kwa ajili ya mguu mmoja, na mguu huo ulikuwa tayari kwa safari.

Nilivumilia mpaka alasiri, na kwangu huo ni uvumilivu wa muda mrefu.

"Mama, hii begi ni ya nini?"

"Ni ya nguo."

"Nguo si zina kabati?"

"Zimezoea begi."

"Unataka kurudi."

"Si nitarudi tu? Kwani nilisema nakuja kuzikwa hapa?"

Nikapaza sauti. Sikumbuki yote niliyosema, ila najua nilimtaja nesi, na kisu cha daktari, na nikauliza nyumba hii ina kosa gani hata baraka ya kikombe kimoja inyimwe. Mama alingoja nimalize.

"Usinipigie kelele kama hao vijana wako wa shule," akasema. Kisha akapangusa shingo kwa leso yake, akashusha sauti kama anayetoa siri ya mtu mwingine. "Mwanangu, hii nyumba ni moto. Ni moto sana. Na ni mimi nilisema madirisha yakuwe hivyo."

Nilitaka kubaki na hasira yangu, lakini kicheko kilinishinda. Naye akacheka, mpaka akashika mguu kwa maumivu. Nilidhani tumemaliza.

"Iko ingine," akasema.

Akaniambia kwamba habari ya kiwanja aliisikia kanisani. Mwanamke wa kwaya alimpongeza baada ya ibada: binti yako amenunua ploti Voi, mama, hongera. "Nikasema ee, aliniambia. Nikadanganya, na hata sijatoka kanisani. Nikaenda nyumbani nikakaa na hiyo kitu mpaka leo."

"Niliogopa nitashindwa kumaliza kulipa," nikamwambia. "Sikutaka uaibike."

"Si tungeaibika pamoja? Kwani mimi ni nani kwako?"

Niliinama nikaanza kufungua bandeji yake ingawa haikuwa siku ya kuifungua, kwa sababu nilihitaji kushika kitu. Aliniwekea mkono kichwani. Mkono ulikuwa mzito na wa moto, na sikuwa nimeguswa hivyo tangu nikiwa mtoto.

Fundi nilimpigia simu siku iliyofuata. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye, lakini alipoingia ndani akasimama katikati ya chumba, jasho likamtoka kabla hajasema kitu, akaanza kucheka peke yake. "Tulijenga ya Wundanyi," akasema, akimaanisha ya kule kwetu juu kwenye baridi. Alikataa nimlipe kazi ya kubomoa. Alisema aibu ni yake pia, nimnunulie tu simiti. Na hapo bahati ikanitembelea tena: shuleni walikuwa wanabadilisha madirisha ya bweni, na mwalimu mkuu akaniruhusu nichukue mawili ya zamani, ya chuma, mapana kama mlango. Wanafunzi wameyakwangua majina yao na matusi mawili matatu ambayo fundi aliyapaka rangi kabla mama hajayasoma. Moja likawekwa upande wa upepo, la pili kwenye ukuta wa mkabala. Juu ya kuta, chini ya mabati, fundi akatoboa matundu ya kutolea joto kama ya jirani. Jirani mwenyewe alikuja kusimamia, na safari hii yeye ndiye aliyepewa kiti na chai.

Siku kazi ilipoisha vumbi lilikuwa kila mahali, kwenye sufuria, kwenye vitanda, kwenye nywele zetu. Fundi alikuwa akikusanya vyombo vyake. Upepo wa jioni ukaingia kwa lile dirisha la bweni, ukapita ndani, ukatokea upande wa pili, na pazia likainuka hadi darini. Mama alikuwa ameketi ndani kwa mara ya kwanza saa kama ile. Alifumba macho kidogo.

"Nipe maji," akasema.

Nikampa nikidhani ana kiu. Akainuka, akasimama mlangoni akiegemea ukuta. Akavuta funda, akalipuliza nje. Akasema kwa Kidawida kwamba alimkasirikia mtoto wake kwa sababu ya neno alilolisikia kwa watu, na kwamba limetoka, liende na maji, lisirudi. Akavuta la pili, akalipuliza ndani. Akaomba kwa jina la Yesu nyumba iwe na chakula, na wanawake walioleta mabati wasikose paa, na jirani aishi, na mikono ya fundi isikauke. La tatu alinigeukia, akanipulizia mimi, kifuani na usoni, maji ya chumvi yakaniingia machoni. Fundi alikuwa amevua kofia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwangu mwenyewe, nimelowa, na nilimshukuru Mungu kwa sauti bila kujali nani ananisikia.

Mguu haukupona haraka. Tulikwenda na kurudi hospitalini miezi kadhaa, kwa bodaboda, yeye akimkemea dereva njia nzima, mpaka siku moja nesi akakitazama kidonda na kusema kimefunga. Nilimnunulia nesi soda. Nilimnunulia na mlinzi wa getini, ambaye hakuwa amefanya lolote.

Jumapili hiyo kaka yangu alipiga simu kama kawaida. Nilikuwa nasonga ugali, na mama yuko mezani, simu ameiweka sauti ya juu kwa sababu ya masikio yake. Kaka akafurahi sana kusikia habari za mguu. Akauliza basi amtume nani aje kumchukua, na anarudi nyumbani lini.

"Nyumbani si ndio hapa," mama akasema. "Huko nitakuja kutembea Krismasi, mkinitumia nauli."

Mwiko ulinisimama mkononi. Ugali ukaungua siku hiyo, na tuliula hivyo hivyo.