Vidole Visivyosomeka

Niliondoka nyumbani, mtaa wa Ziwani, Jumanne, tarehe 4 Machi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, kwenda kuchukuliwa alama za vidole ili pasipoti yangu igongwe viza ya kazi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kutunza wazee katika nchi moja ya Ghuba. Mkataba ulisema wazi kwamba viza isipopatikana kufikia Jumatatu, tarehe 31, nafasi angepewa mwingine. Nilikuwa nimeusoma mkataba huo mara nne, jambo ambalo wakala wangu aliliona kuwa utovu wa adabu.

Mume wangu, mchongaji wa vinyago, alipofariki, niliruhusiwa kuuchukua mwili wake baada ya kuweka kidole gumba chenye wino kwenye karatasi nisiyoweza kuisoma. Karani wa mochari hakunitazama usoni, alikitazama kidole. Mwaka uliofuata nilijiandikisha katika darasa la watu wazima, na mtihani wa kidato cha nne nikaufanya nikiwa na miaka arobaini na mmoja. Tangu hapo natia sahihi, na sahihi yangu inasomeka.

Saa kumi na mbili na nusu nilipita soko la Gikomba, mbele ya karakana ambako kwa miaka kumi na tisa nimepiga msasa twiga na vifaru wa mbao. Shemeji yangu Mutua, anayeisimamia, alikuwa amesimama mlangoni.

"Shemeji, leo umevaa viatu vya kanisa," alisema. "Hao twiga watajilainisha wenyewe?"

"Wanakungoja wewe ujifunze," nilimjibu, nikaendelea na safari hadi soko la Muthurwa, na kutoka hapo nikavuka mji.

Saa mbili nilimkuta wakala nje ya kituo cha viza. Anaitwa Dani, na ncha za viatu vyake ni ndefu kuliko maelezo yake. Alituongoza wanawake sita, akituhesabu kila tulipovuka barabara, kama anayepeleka mbuzi machinjioni Kiamaiko.

Saa tano kasorobo zamu yangu ilifika. Niliweka vidole vinne kwenye kioo, mashine ikalia. Karani wa kituo akafuta kioo. Ikalia tena. Akanipangusa vidole kwa kitambaa chenye dawa, kana kwamba nimetoka navyo kwenye matope.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Napiga msasa vinyago."

"Basi umejipiga na wewe. Hapa hakuna mstari hata mmoja."

Nilivitazama vidole vyangu chini ya taa yake. Vilikuwa vimelainika kama shingo ya twiga aliye tayari kuuzwa. Nilikuwa nimesoma miaka yote hiyo ili nisidaiwe kidole tena, na sasa ofisi hii yenye marumaru na walinzi watatu haikutaka kusikia habari za sahihi yangu. Ilitaka kidole, nami sikuwa nacho.

Nje, Dani hakuhuzunika hata kidogo.

"Mathe, usijali. Kuna msupa, msichana mmoja najua, ako na vidole fiti. Nitaomba siku ingine, aingie na jina yako. Hao huwa hawaangalii sura."

"Na nikishuka uwanja wa ndege kule, nitapimwa vidole vya nani?"

Ilidhihirika kwamba mawazo ya Dani hayakuwahi kuvuka mlango wa kituo.

"Mathe, wewe umesoma sana," alisema, kwa sauti ya mtu anayeshtaki mwizi.

"Niombee siku nyingine, kwa jina langu na kwa vidole vyangu. Jumanne, tarehe 25, ngozi ipate kuota."

Saa tisa alasiri, nikirudi, niliingia Muthurwa kwa jirani yangu Halima, muuzaji wa leso kwa jumla. Aliushika mkono wangu, akaugeuza, akacheka.

"Mama Mwende, dada yangu alikuwa akifua nguo za watu, akarudishwa hivi hivi. Usiguse msasa wiki tatu. Usiguse sabuni ya kufulia, nguo zako nitafua mimi. Paka mafuta mazito, halafu vaa soksi mikononi."

"Nitaonekana kichaa."

"Kwani uko na nani wa kukuona?"

Ni yeye peke yake ninayemruhusu kunitania kuhusu ujane wangu.

Wiki tatu hizo sikukanyaga Gikomba. Jumamosi, tarehe 15, Mutua alikuja Ziwani, akanikuta nimevaa soksi mikononi.

"Kumbe shemeji amekuwa bibi arusi," alisema. "Nafasi yako nimempa mtu mwingine."

"Mwambie avae glavu," nilisema, nikamfungulia mlango wa kutokea. Alipokwenda, nilikaa chini. Kioo kikinikataa tena, singekuwa na wazee wa kutunza wala twiga wa kurudia.

Jumanne, tarehe 25, saa nne na dakika kumi, karani alikuwa yule yule. Mkono wa kushoto ulisomeka mara ya kwanza, wa kulia mara ya tatu. Kidole gumba kilikuja mwisho, kikakubaliwa. Karani alinipongeza kana kwamba yeye ndiye aliyeviotesha.

Ijumaa, tarehe 28, saa nane mchana, nilipokea pasipoti ofisini kwa Dani. Niliisoma viza nikiwa nimesimama, herufi kwa herufi, huku wenzangu nyuma wakiguna. Hakuna lililokosewa. Nilipoifunga, Dani alifungua kitabu chake cha kupokelea pasipoti, akasukuma kisahani cha wino hadi mbele yangu. Hakuuliza kama najua kuandika.

"Weka kidole hapa, mathe, uende."

"Hicho mashine imeshakichukua. Wewe nipe kalamu."

Alitafuta mezani, mfukoni, kisha kwenye droo. Mtu anayesafirisha watu kwenda ng'ambo hakuwa na kalamu. Nilichojifunza katika safari zote tatu ni hiki: wenye nchi kule na mawakala huku wote watakudai kidole, na hakuna atakayekuuliza una nini zaidi. Nikafungua mkoba, nikatoa kalamu yangu, nikatia sahihi. Chini yake niliandika jina langu kamili, na kando yake tarehe, kwa sababu kitabu chake hakikuwa na nafasi ya tarehe.