Testi Niliyoizima

Mpaka leo nikisikia mtu akisema "testi zote ziko kijani," nasikia kumzaba kofi.

Tulikuwa watu wanne kwenye ofisi moja Ruiru, juu ya duka la mabati, tukiiandikia hospitali ya Thika programu ya kusajili wagonjwa wa presha. Kazi yangu ilikuwa testi, yaani programu ndogondogo za kuijaribu ile kubwa kabla binadamu hajaigusa. Ikipita, mstari wa kijani. Ikikwama, nyekundu. Basi, si uchawi.

Bosi alikuwa ameamua kila mgonjwa atambuliwe kwa nambari ya simu. Nikamwambia, bosi, hii itatuletea shida. Kwetu kijijini Ngoliba simu moja hutumiwa na boma mbili tatu. Shosho, nyanya yangu, hana simu, kila mahali huandikisha nambari ya jirani yake, na huyo jirani naye ana presha. Akacheka. "Siku hizi nani hana simu? Wacha story za ushago."

Story za ushago! Nikaketi nikaandika testi: wamama wawili, nambari moja. Sajili wa kwanza, sajili wa pili, halafu mtafute wa kwanza. Nyekundu. Programu ilikuwa imemfuta wa kwanza na kumwandika wa pili juu yake, kimya kimya.

Bosi akaja akasimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake cha chai. Wenye hospitali walikuwa njiani kuja kuangalia kazi. "Zima hiyo moja. Tutairudia wiki ijayo."

Kuzima testi ni neno moja tu. Unaliandika juu yake, mashine inairuka, skrini inabaki kijani. Nililiandika. Wageni wakapiga makofi, tukaenda Kamakis kula nyama, na mimi nikala kama wengine. Wiki ijayo ikaja ikapita, hakuna aliyeitaja. Hata mimi.

Programu ikaanza kutumika hospitalini. Siku ya kliniki ya shosho ilipofika, alienda Thika akapanga foleni hadi saa saba. Msichana wa dirishani akaingiza nambari, likatokea jina la jirani. "Shosho, wewe hauko kwa komputa. Enda nyumbani, utapigiwa." Na shosho, kwa heshima zake, akasema asante. Asante ya nini, jamani? Akarudi Ngoliba bila hata kidonge kimoja, akangoja kupigiwa. Alingoja mwezi mzima, halafu akaanguka jikoni akisonga ugali. Sasa mkono wake wa kulia haushiki kikombe, na mdomo umeenda upande.

Niliingia ofisini nikiwaka. Nilimtukana bosi mbele ya watu wote, na sijutii hata neno. Aliniacha nimalize, kisha akasema polepole, "Lakini si ni wewe uliizima?" Nikamchukia hata zaidi.

Nikaifungua ile testi. Neno langu lilikuwa bado pale juu. Chini yake walikuwa wale wagonjwa wawili wa kujaribia. Siku ile niliona uvivu kubuni majina, nikaandika la shosho na la jirani yake. La shosho lilikuwa la kwanza.