Matunda ya Mzee Kabiru

Mama yangu, Waithira, hakuwa mtu wa kuuliza jambo mara mbili. Akishalisikia, amelisikia, na hata chifu hamgeuzi. Ndiyo maana baba alikaa miaka sita bila kuonja papai. Mpaka leo nikikumbuka hasira hunishika, na sijui namkasirikia nani.

Mwaka wa 1983 baba, Mzee Kabiru, alianguka dukani kwake mjini Eldoret, chini kabisa ya picha ya Rais. Hospitalini wakasema ni presha. Daktari alikuwa kijana wa Mombasa, mwenye Kiswahili laini. Akampa vidonge, akamkataza chumvi, kisha akamgeukia mama.

"Na kila siku ale matunda, mama. Asikose hata siku moja. Yanausaidia moyo."

Sasa, kwetu bara ukisema matunda umesema pasheni, lile dogo la zambarau lenye mbegu na maji machachu. Papai ni papai, embe ni embe. Mama alitoka pale akiwa amesikia dawa moja tu.

Siku baba aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mama alikuwa tayari anapanda miche nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Pioneer. Aliisimamishia nguzo na waya, akaimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Kabla haijazaa alinunua sokoni. Kila asubuhi baba alimeza kikombe kizima, mbegu na yote, uso umekunjamana kwa uchachu. Jumamosi, wanawake wa bonde la Kerio walipoleta mapapai yao, aliyatazama tu. Zamani haikupita Jumamosi bila yeye kununua.

"Nikatie kipande kidogo," aliomba siku moja.

"Daktari alisema matunda, si papai. Hiyo sukari yake itaharibu dawa."

Mgonjwa haulizwi uji. Baba hakuomba tena.

Lakini alipata nafuu, siwezi kukataa. Kizunguzungu kiliisha, presha ikashuka, akarudi dukani. Mama alimshukuru Mungu na matunda, na sina hakika alianza na nani.

Mwaka wa 1989 ugonjwa uliingia kwenye mimea. Majani yalijikunja, matunda yakawa madogo na magumu, kisha yakakosekana kabisa. Mama aliyatafuta Soy, akayatafuta Kapseret, akarudi na kikapu kitupu. Chakula kikamshinda. Aliamini kabisa kwamba baba atakufa. Siku ya nne nilimpeleka mama kliniki kwa muuguzi wetu, Sister Jepkosgei.

"Sister, matunda imeisha. Mzee wangu ataishi na nini?"

"Imeisha wapi, mama? Soko imejaa. Papai, maembe, machungwa, ndizi."

"Hizo sijauliza. Nauliza matunda."

Sister alimtazama, akaelewa. Hakucheka, na kwa hilo namheshimu.

"Mama, daktari alimaanisha hizo zote. Hata papai. Zote zinasaidia moyo, bora akule kila siku."

Kuuliza si ujinga, lakini mama alikuwa amechelewa miaka sita. Alipita sokoni akanunua papai kubwa kuliko yote, akalibeba kifuani mpaka nyumbani, akalikata mbele ya baba.

"Nisamehe, Baba Mwihaki," alisema, akimwita kwa jina langu kama kawaida. "Kumbe matunda ni zote."

Baba alitafuna polepole, macho ameyafumba.

"Nilijua," alisema. "Si nilifanya kazi ya reli Mombasa miaka minne? Hii yako huko wanaiita pasheni."

"Ulijua? Na ukanyamaza?"

"Nilitaka kukuambia ile siku nilitoka hospitali. Nikakupata nyuma ya nyumba, umepiga magoti kwa matope, unanipandia."

Mama aliketi chini akalia. Baba alimsogezea sahani, wakala papai lile pamoja mpaka likaisha.